Njia ya Waliokesha

Kila Ijumaa baada ya sala ya isha nakaa mezani na chai yangu, nawaandikia wenzangu kumi na wawili hali ya hewa ya kesho yake. Ni wauguzi, wapishi na wafanya usafi ninaofanya nao kazi hospitalini Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Jumamosi ambayo hatuna zamu tunakwenda kutembea kwenye njia ya pwani. Wengi hujitokeza kuanzia Machi hadi Mei, majira ya kuchipua, siku zinaporefuka na vichaka vya miiba vya ukingoni vikawa manjano matupu kwa maua. Ninawaandikia upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani, mvua inatarajiwa saa ngapi, maji yanakupwa saa ngapi, na kama kuna ukungu. Mwisho ninawaambia waje na viatu gani.

Mwezi Machi mwaka jana mmoja wao, kijana wa jikoni, aliniuliza: "Dada, kila simu ina utabiri siku hizi. Kwa nini unajisumbua kuandika barua ndefu hivi?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu basi lilikuwa linakuja. Jibu refu ni hili.

Mimi nimezaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Bibi yangu mzaa mama hakuwa akishuka pwani kabla ya kuhesabu. Alihesabu miongo, yaani makumi ya siku tangu siku ya Mwaka, ile siku ambayo mpaka leo kwetu kibanda cha makuti huchomwa moto na wazee hutazama moshi umeelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Kwa hesabu ile alijua upepo wa kaskazi umebakisha siku ngapi, maleleji, pepo za kubadilika majira, yataanza lini, na kusi ikiingia itaingia na mvua ya namna gani. Alijua bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, kama anavyojua majina ya wanawe. Tulipokuwa tunamfuata kwenda kutafuta pweza miambani, alikuwa hatangulii mbele. Alisimama nyuma yetu, uso umeelekea baharini. Nilidhani amechoka. Nilikuwa mtu mzima, tena katika nchi ya watu, nilipofahamu kwamba alikuwa zamu.

Njia ninayoisemea inaanzia Minehead katika Somerset, inaizunguka Devon na Cornwall, na kuishia Dorset kwenye mlango wa bandari ya Poole. Urefu wake ni maili 630, yaani kilomita 1,014. Ukijumlisha vilima vyote unavyopanda toka mwanzo hadi mwisho unapata kiasi cha mita 35,000, karibu mara nne ya mlima Everest. Mgeni akiitembea kwa mara ya kwanza hushangazwa na ukaidi wake. Penye ghuba ndogo, ambapo mtu mwenye haraka angekata moja kwa moja juu ya kilima, njia inashuka mpaka majini kisha inapanda tena. Penye ncha ya mwamba inakwenda hadi mwisho kabisa wa ncha, inazunguka, inarudi. Imeng'ang'ania ukingo kama mtoto aliyeshika kanga ya mamake.

Sababu ni kwamba walioikanyaga kwanza hawakuwa wanakwenda popote. Walikuwa wanatazama.

Katika karne ya 18 pwani hii iliishi kwa magendo. Usiku, mashua zilishusha chai, brandi, tumbaku na vitambaa vya lesi kutoka Ufaransa na visiwa vya jirani, na vijiji vizima vilishiriki kubeba. Ushuru ndio uliowasukuma. Mwaka 1784 serikali ilipoamua kuupunguza ushuru wa chai, iliushusha kutoka asilimia 119 hadi 12.5; tofauti hiyo peke yake inaonyesha mzigo uliokuwa umewalemea watu. Lakini bidhaa nyingine zilibaki na kodi kubwa, na magendo yakaendelea. Mwaka 1809 kikaundwa kikosi cha kuyazuia majini, na mwaka 1822 kikosi hicho, mashua za ushuru na wapanda farasi waliokuwa wakipita nchi kavu vikaunganishwa kuwa Walinzi wa Pwani.

Hao ndio waliotengeneza njia. Kila usiku walitoka kwa miguu, na amri yao ilikuwa kukitazama kila kijighuba, kwa maana mashua moja ingeweza kujificha popote. Huwezi kuchungulia ghuba ukiwa umbali wa nusu maili. Lazima ufike ukingoni. Kwa hiyo walifika ukingoni, usiku baada ya usiku, miaka na miaka, hadi majani yakaacha kuota walipopita. Wengi waliletwa kutoka sehemu nyingine za nchi ili wasiwe na undugu na wanavijiji waliotakiwa kuwakamata. Walijengewa nyumba za safu, zimeshikana kuta, na nyingi bado zipo: ukiona katika ghuba safu ya nyumba nyeupe zinazofanana, zote zimeelekeza madirisha baharini, basi hapo walilala walinzi.

Sipendi kuwasahau watazamaji wengine waliokuwapo pwani hiyo. Juu ya mji wa Newquay kipo kibanda cheupe cha mawe chenye ngazi na dohani. Humo alikaa mtu kazi yake kuwatazamia wavuvi. Samaki wa pilchard, ndugu wa dagaa papa wetu, walipokaribia ufuoni kwa makundi, maji yalibadilika rangi. Wa baharini hawaoni jambo hilo. Aliye juu ya jabali huliona. Mtazamaji alipiga ukelele "Hevva!", mji mzima ukatoka mbio kwenda kwenye mashua, naye akawaelekeza wavuvi kwa kupunga matawi mkononi: kushoto, kulia, tupa wavu sasa. Niliposimama mbele ya kibanda kile mara ya kwanza nililia kidogo. Nilimwona bibi yangu.

Magendo yalipopungua, walinzi hawakuondoka. Mwaka 1856 waliwekwa chini ya jeshi la majini, na kazi yao ikazidi kuelekea kwenye meli zinazopigwa na mawimbi na watu wa kuokolewa. Hapo ndipo njia ya miguu ilipokutana na utabiri wa hali ya hewa, kupitia mtu mmoja aliyeitwa Robert FitzRoy.

Kila tunapovuka kwa pantoni kutoka Plymouth kwenda Cremyll, upande wa Cornwall, njia inatupitisha katika bustani za Mount Edgcumbe mpaka kijighuba kinachoitwa Barn Pool. Maji yake yametulia na miti inayaegemea. Hapo mwishoni mwa mwaka 1831 ilitia nanga meli ya Beagle, nahodha wake akiwa FitzRoy mwenye umri wa miaka 26, na ndani yake kijana mwingine aitwaye Charles Darwin. Walitaka kuondoka mwanzoni mwa Desemba. Walitoka tarehe 10, dhoruba ya kusini-magharibi ikawarudisha. Walitoka tarehe 21, wakarudishwa tena. Hatimaye tarehe 27 upepo ukageuka wakaondoka, na hawakurudi Uingereza hadi Oktoba 1836, walipotia nanga Falmouth, mji mwingine wa njia hii hii. Watu humkumbuka Darwin. Mimi nikifika Barn Pool humfikiria nahodha, anavyoamka alfajiri na kutazama mawingu, ameshikilia roho za watu zaidi ya sabini, hana chombo cha kumwambia kesho kutakuwaje ila zebaki inayopanda na kushuka ndani ya kioo.

Mwaka 1854 serikali ilimweka FitzRoy aongoze idara mpya ya kukusanya habari za hali ya hewa baharini. Alitakiwa kukusanya takwimu tu. Yeye alikuwa baharia, alijua takwimu za jana hazimwokoi mvuvi wa kesho. Akaanza kupeleka barometa katika bandari za wavuvi maskini, ziwekwe mahali pa wazi ambapo kila mtu ataziona kabla ya kusukuma mashua majini. Kisha, tarehe 25 Oktoba 1859, tufani likaipiga Cornwall na Devon na kupanda kuelekea kaskazini. Usiku wa kuamkia tarehe 26 likaivunjia kwenye miamba ya Anglesey, Wales, meli ya Royal Charter iliyokuwa inarudi kutoka Australia na abiria waliobeba dhahabu yao. Watu zaidi ya 400 walikufa, karibu kabisa na nchi kavu.

FitzRoy alitazama hesabu akaona jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: tufani lile lilikuwa limesafiri. Lilikuwa kusini kabla ya kufika kaskazini, na waya wa telegrafu hukimbia kuliko upepo. Laiti mtu wa Cornwall angepata wa kumpelekea habari. Akaunda mtandao wa vituo vya pwani, Penzance na Plymouth vikiwemo, kila asubuhi vikimpelekea London kipimo cha hewa, joto na upepo. Februari 1861 maonyo ya kwanza ya dhoruba yakatoka. Amri ilipofika, katika mlingoti wa kituo kilipandishwa chombo cheusi cha turubai chenye umbo la pia. Ncha ikielekea juu, dhoruba inatoka kaskazini; ncha ikielekea chini, inatoka kusini. Asiyejua kusoma aliweza kulisoma onyo hilo. Na tarehe 1 Agosti mwaka huo huo gazeti la The Times likachapisha utabiri wa kwanza kwa watu wote.

Alikosea mara nyingi, kwa sababu vituo vilikuwa vichache na elimu yenyewe changa. Magazeti yalimkejeli, wanasayansi walimwona amevuka mpaka. Alikuwa ametumia mali yake mwenyewe kwa kazi za umma, afya ilimwacha, na tarehe 30 Aprili 1865 alijitoa uhai. Mwaka uliofuata maonyo yakasimamishwa. Wakadai yarudi wale wenye roho zao baharini: wavuvi na mabaharia. Kwao onyo lenye makosa lilikuwa bora kuliko kimya. Haukupita muda mrefu maonyo ya dhoruba yakarudishwa, na mwaka 1879 utabiri wa kila siku nao ukarudi magazetini. Mwaka 2002 eneo moja la bahari katika utabiri wa mabaharia unaosomwa redioni likapewa jina lake. Naupenda sana utabiri ule. Nikisikia "Plymouth" halafu, mbele kidogo, "FitzRoy", naona kama mtu ameombewa dua.

Hata baada ya utabiri kurudi, mwaka 1891 ulionyesha jinsi majira ya kuchipua yanavyoweza kuwageuka watu. Februari ya mwaka ule ilikuwa katika Februari kavu kuliko zote zilizopata kuandikwa Uingereza. Machi iliingia, wakulima wakaamini baridi imekwisha. Tarehe 9 upepo ukavuma kutoka mashariki na theluji ikaanza kuanguka Cornwall na Devon, ikaanguka siku kadhaa. Treni nzima zilifukiwa kwenye reli, kondoo walikufa kwa maelfu, na watu wapatao 200 wakapoteza maisha, wengi wao baharini. Karibu na Nare Point, ambako njia inakaribia mto Helford, meli yenye milingoti minne iitwayo Bay of Panama ilipanda miamba. Ilikuwa inatoka Kolkata na shehena ya juti, nyuzi zile zile za magunia tuliyotilia karafuu. Nahodha na mkewe walikufa, na mabaharia kadhaa waliganda kwa baridi wakiwa wamejifunga kwenye kamba za milingoti. Nyaya za telegrafu zilikuwa zimeanguka. Mashine zote za FitzRoy zikawa hazina kauli, na habari ikabidi ichukuliwe na mtu, ndani ya theluji, mpaka Falmouth.

Ndiyo sababu kila Machi nawaambia wenzangu: jua la leo halina mkataba na kesho.

Majira haya yana hila yake, nami niliijua kwa kuingia ndani yake. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Aprili, nilitoka Plymouth kukiwa na jua la kuvua koti, nikaenda peke yangu kutembea toka Salcombe hadi Hope Cove. Nilipoikaribia ncha ya Bolt Head ukungu ulipanda kutoka baharini kama moshi wa kuni mbichi, na kwa muda wa kuhesabu mpaka mia sikuona miguu yangu. Upande wa kushoto niliyasikia mawimbi, chini sana. Nilikaa chini palepale kwenye majani, nikasoma dua nilizozijua, nikangoja. Zilipita saa mbili kabla ya kuuona ukuta wa mawe uliokuwa hatua ishirini tu kutoka nilipokaa.

Baadaye nikajifunza sababu. Bahari ya huku huchelewa: hupoa polepole wakati wote wa baridi na hufikia ubaridi wake mkubwa mwishoni mwa Februari na Machi, kiasi cha nyuzi tisa, wakati nchi kavu imeshaanza kupata joto. Hewa ya uvuguvugu yenye unyevu ikitoka kusini-magharibi na kupita juu ya maji yale baridi, unyevu wake hugeuka ukungu. Mjini kunaweza kuwa na jua, ukingoni kipofu. Basi sasa nikiandika utabiri siulizi joto la mji tu; nauliza joto la bahari na upepo unatoka upande gani. Na katika pwani ya kusini upepo wa kaskazini nauogopa kuliko wote, hata ukiwa na anga safi, kwa kuwa unakusukuma kuelekea chini kwenye maji.

Mvua za baridi nazo huacha deni linalolipwa wakati wa kuchipua. Udongo uliolowa tangu Novemba humomonyoka kukiwa kukavu, na kila mwaka vipande vya njia hufungwa na kusogezwa ndani. Huko Start Bay, Devon, njia inapita juu ya magofu ya kijiji cha Hallsands. Mwishoni mwa karne ya 19 kokoto za ufuo wake zilichotwa kwa wingi kwa ajili ya kupanua bandari ya kijeshi Plymouth. Wavuvi walilalamika kwamba ufuo ndio ukuta wao. Januari 1917 tufani la mashariki likakutana na maji makubwa, na nyumba zikachukuliwa. Hakuna aliyekufa. 

Na upo mto Erme, ambao kwangu ndio moyo wa njia nzima. Hauna daraja pwani, hauna kivuko. Mwenye kufuata njia huvua viatu na kuvuka kwa miguu saa moja kabla au baada ya maji kupwa kabisa. Nje ya hapo azunguke mbali sana kwa barabara. Katika maili 630 za vibao na alama, hapo mtembezi anarudishiwa elimu ya bibi yangu: ujue mwezi una siku ngapi. Pande hizi za Plymouth bamvua hukupwa karibu na adhuhuri, kwa hiyo Jumamosi ya bamvua ndiyo siku yetu. Mara ya kwanza nilipovuka, maji ya Aprili yakinikata magoti kwa baridi, nilijikuta nimesimama katikati na kugeuka, uso umeelekea baharini, mpaka wote walipopita.

Doria za miguu zilikoma mwanzoni mwa karne ya 20. Simu na redio zilichukua nafasi yake, na njia ikaanza kumezwa na vichaka hadi watembezi walipoidai. Sehemu ya Cornwall ilifunguliwa rasmi mwaka 1973, na kipande cha mwisho, cha Somerset na kaskazini ya Devon, mwaka 1978. Baada ya hapo vituo vidogo vya walinzi vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Kilichokuwa Bass Point, karibu na Lizard, ncha ya kusini kabisa ya Uingereza bara, kilikuwa kimefungwa wavuvi wawili walipozama chini yake. Dirisha lilikuwepo, nyuma yake hakuna mtu. Mwaka 1994 wenyeji wakakifungua upya wao wenyewe kwa kujitolea, ukaanza utaratibu ambao leo una vituo vingi kuizunguka pwani ya nchi hii. Ukipita pale mchana utamkuta mtu mwenye darubini na daftari. Tulipopita sisi, mama mmoja mwenye mvi alitoka mlangoni, akatuhesabu kwa kidole, akaandika. Kisha akatutakia safari njema.

Hilo ndilo jibu langu kwa kijana wa jikoni. Simu inajua mvua itanyesha saa ngapi, na imejua hivyo kwa damu ya watu wengi. Haijui kwamba wewe unaogopa maji, kwamba goti la mwenzetu wa wodi ya pili halijapona, kwamba mtu mmoja hatakuwa na koti mpaka mwisho wa mwezi. Utabiri ulianza pale mtu alipokesha kwa ajili ya mwenzake, na bado unahitaji mtu wa kuufikisha.

Ijumaa moja ya Aprili mwaka huu nilipangiwa zamu ya usiku, sikuweza kuandika. Saa tatu na nusu simu yangu ikatetemeka mfukoni, na kwa kuwa wagonjwa walikuwa wamelala niliifungua. Ilikuwa barua ya yule kijana kwa kundi zima. "Kesho Erme. Upepo mdogo wa kusini-magharibi, ukungu asubuhi kwenye ncha, tusiende haraka. Bamvua, maji yanakupwa saa sita kasorobo. Leteni taulo. Asiyejua kuogelea nitamshika mkono, na mimi nitavuka wa mwisho."